Frank Macfarlane Burnet

Frank Macfarlane Burnet (3 Septemba 1899 – 31 Agosti 1985) alikuwa daktari na mwanabiolojia kutoka nchi ya Australia. Nusu ya kwanza ya kazi yake aliitumia kuchunguza virusi na bakteria. Nusu ya pili aliitumia kuchunguza mfumo wa kinga mwilini. Mwaka 1960 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Peter Medawar wa Uingereza kwa kazi yao juu ya ustahimilivu wa kinga, yaani jinsi mwili unavyojifunza kutoshambulia kilicho chake.

Burnet anakumbukwa hasa kwa nadharia ya uchaguzi wa kloni, aliyoitangaza mwaka 1957. Nadharia hiyo ndiyo msingi wa maelezo ya leo kuhusu chanjo, magonjwa ya kinga kushambulia mwili wenyewe, upandikizaji wa viungo, na namna seli T zinavyopambana na virusi visivyoondoka mwilini, kama vile VVU na vile vya homa ya ini aina ya B na C.

Utoto na masomo

Burnet alizaliwa katika mji mdogo wa Traralgon, jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia. Alikuwa mtoto wa pili kati ya saba. Baba yake, aliyeitwa pia Frank, alikuwa amehamia kutoka Uskoti na alifanya kazi kama meneja wa benki. Mama yake aliitwa Hadassah Mackay. Nyumbani alijulikana kwa jina la Mac, na jina hilo alilitumia maisha yake yote.

Mwaka 1909 familia ilihamia Terang, mji mwingine wa jimbo hilohilo. Mtoto huyo alikuwa mpole, mwenye haya, na alipenda kukaa peke yake. Alitembea porini na kando ya maziwa akikusanya mbawakawa, akiwachora na kuwaandikia maelezo. Wanaoandika habari zake husema kwamba mazoea hayo ya kutazama kwa subira kitu kimoja kidogo ndiyo yaliyomjenga kama mwanasayansi.

Alisoma shule ya bweni ya Geelong College, kisha mwaka 1917 akajiunga na Chuo Kikuu cha Melbourne kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1922. Alitamani kuwa daktari wa wagonjwa, lakini wakuu wake hospitalini waliona kwamba tabia yake inafaa zaidi maabara. Hivyo aliingia katika Taasisi ya Walter na Eliza Hall mjini Melbourne, ambayo wakati huo ilikuwa ndogo sana. Isipokuwa kwa vipindi vichache vya kuishi nje ya nchi, alibaki hapo hadi mwaka 1965.

Mwaka 1925 alisafiri kwenda London, akafanya kazi katika Taasisi ya Lister na kupata shahada ya uzamivu. Mada yake ilikuwa bakteriofaji, yaani virusi vinavyoambukiza bakteria. Aliporudi Australia mwaka 1928 alimwoa Linda Druce, aliyekuwa mwalimu. Walipata mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike.

Katika kazi hiyo ya mwanzo lilijitokeza jambo ambalo lingemrudia mara nyingi baadaye. Mwaka 1929 yeye na mwenzake walieleza kwamba baadhi ya bakteria hubeba bakteriofaji ndani yao kizazi baada ya kizazi bila kufa. Kwa hiyo kirusi hakikuwa lazima kimwue anayekibeba wala kufukuzwa naye. Kiliweza pia kukaa.

Msiba wa Bundaberg

Mnamo Januari 1928, katika mji wa Bundaberg, jimbo la Queensland, watoto 12 walikufa muda mfupi baada ya kuchomwa sindano ya chanjo ya dondakoo. Habari hizo ziliitikisa nchi nzima, na wazazi wengi walianza kuogopa chanjo. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Charles Kellaway, mkurugenzi wa taasisi alimofanya kazi Burnet.

Burnet alishiriki katika kazi ya maabara. Ilionekana kwamba dawa ya chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba chupa ilitumika mara kadhaa kwa siku tofauti bila kuwa na kemikali ya kuzuia vijidudu, na bakteria aina ya stafilokoki waliingia na kuzaana ndani yake. Uchunguzi huo ulisaidia kurekebisha utaratibu wa kutunza chanjo. Kwa Burnet ulikuwa pia mlango wa kuingilia swali la kinga: kwa nini sumu ileile humwua mmoja na mwingine akapona, na mwili hukumbukaje sumu uliyowahi kukutana nayo?

Uchunguzi wa virusi

Mwaka 1932 hadi 1933 Burnet alikuwa tena London, katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba iliyokuwa Hampstead. Mwaka 1933 watafiti wa hapohapo walifaulu kwa mara ya kwanza kutenga virusi vya mafua ya binadamu. Burnet alirudi Melbourne akiwa na shabaha moja: kupata njia rahisi ya kuotesha virusi.

Njia hiyo ilikuwa yai la kuku lenye kifaranga kinachokua. Watafiti wa Marekani walikuwa wameanza kulitumia. Burnet aliboresha mbinu hiyo hadi ikawa ya kawaida katika maabara nyingi duniani. Hadi leo sehemu kubwa ya chanjo ya mafua hutengenezwa kwa kutumia mayai. Yai lilikuwa na faida nyingine ambayo alikuja kuifikiria sana: kifaranga kilicho ndani yake hakitengenezi kingamwili dhidi ya virusi alivyokipandikizia. Uwezo wa kujikinga, basi, haukuwapo tangu mwanzo wa uhai bali ulifika baadaye.

Matokeo mengine ya miaka hiyo ni pamoja na haya:

Polio. Mwaka 1931, pamoja na daktari Jean Macnamara, alionyesha kwamba kuna zaidi ya aina moja ya virusi vya polio. Ugunduzi huo ulikuwa muhimu baadaye, kwa sababu chanjo ilibidi ikinge dhidi ya aina zote.

Homa ya Q. Wafanyakazi wa machinjio ya Brisbane walikuwa wakiugua homa isiyojulikana. Daktari Edward Derrick aliichunguza na kumpelekea Burnet sampuli. Mwaka 1937 Burnet na Mavis Freeman walitambua kijidudu kinachoisababisha. Kijidudu hicho leo kinaitwa Coxiella burnetii, kwa heshima ya Burnet na Mmarekani Herald Cox.

Ugonjwa wa kasuku. Alionyesha kwamba kasuku wa porini wa Australia hubeba kijidudu cha psitakosisi, mara nyingi bila kuonekana wagonjwa.

Malengelenge ya mdomoni. Mwaka 1939 alieleza kwamba virusi vya hepesi humwingia mtu kwa kawaida utotoni, kisha hubaki mwilini maisha yote na kujitokeza tena mwili unapodhoofika.

Mafua. Katika miaka ya 1940 yeye na wenzake waligundua kimeng'enya cha bakteria wa kipindupindu kinachoondoa mahali ambapo kirusi cha mafua hujishikiza kwenye seli. Kirusi chenyewe kina kimeng'enya cha aina hiyo, na baadhi ya dawa za mafua zinazotumika leo hufanya kazi kwa kukizuia.

Mwaka 1944 alikataa nafasi ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na mwaka huohuo akawa mkurugenzi wa taasisi yake ya Melbourne. Uamuzi huo haukuwa wa kawaida. Wanasayansi wengi wa Australia wa wakati huo waliamini kwamba kazi kubwa haiwezi kufanyika nyumbani, mbali na Ulaya na Marekani. Burnet aliamua kubaki.

Virusi vya sungura

Sungura walioletwa kutoka Ulaya walikuwa wameharibu malisho ya Australia kwa miaka mingi. Mwaka 1950 serikali ilisambaza virusi vya miksoma, ambavyo huua sungura, na katika muda mfupi sungura wengi sana walikufa. Lakini katika kiangazi cha mwaka 1951 ulizuka ugonjwa wa uvimbe wa ubongo kwa watu wa bonde la mto Murray, eneo lilelile ambalo sungura walikuwa wakifa. Watu walianza kusema kwamba virusi vya sungura ndivyo vinavyowaua watoto wao.

Maabara ya Burnet ilikuwa ikichunguza ugonjwa huo wa ubongo, na ilionekana kwamba unasababishwa na virusi vingine kabisa vinavyoenezwa na mbu. Hata hivyo maelezo hayakutosha kuwatuliza wananchi. Burnet, Frank Fenner na Ian Clunies Ross, mkuu wa shirika la serikali la utafiti, walijidunga wenyewe virusi vya miksoma hai. Hawakuugua. Habari hiyo ilitangazwa bungeni, na hofu ikapungua.

Miaka iliyofuata Fenner alifuatilia yaliyowapata sungura. Sungura wachache waliokuwa na uwezo wa kustahimili walizaana, na virusi vikali mno vilipungua kwa sababu vilimwua sungura kabla havijaenea. Pande zote mbili zilibadilika. Kwa Burnet huo ulikuwa mfano wa wazi wa wazo lake la siku nyingi kwamba maradhi ni sehemu ya ikolojia: kijidudu na mwenyeji wake hupimana nguvu kwa vizazi vingi, na mara nyingi hufikia namna fulani ya kuishi pamoja.

Panya wa Traub na swali la nafsi

Katika miaka ya 1930 Erich Traub, akifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller nchini Marekani, alichunguza virusi vya panya vinavyoitwa kwa kifupi LCMV. Panya mzima akiambukizwa, mwili wake hupambana, naye hufa au hupona na kuviondoa virusi. Lakini panya aliyeambukizwa akiwa tumboni mwa mama yake au mara tu baada ya kuzaliwa hubaki na virusi katika damu na viungo maisha yake yote, na huonekana mzima. Kingamwili dhidi ya virusi hivyo hazikuonekana katika damu yake.

Mwaka 1945 Ray Owen, pia wa Marekani, alieleza jambo linalofanana na hilo kwa ng'ombe. Ndama mapacha walioshirikiana mzunguko wa damu tumboni huwa na seli za damu za aina mbili, zao wenyewe na za pacha mwenzao, na mwili hauzikatai.

Burnet aliyaunganisha mambo hayo mawili. Katika kitabu alichokitoa pamoja na Fenner mwaka 1949 kuhusu utengenezaji wa kingamwili, alisema kwamba mwili hauzaliwi ukijua kilicho chake na kisicho chake. Hujifunza. Chochote kinachokuwamo mwilini wakati kinga inapojengeka huhesabiwa kuwa sehemu ya nafsi, hata kama ni kirusi. Kinachoingia baadaye huhesabiwa kuwa mgeni na hushambuliwa.

Burnet mwenyewe alijaribu kuthibitisha wazo hilo kwa kudunga virusi vya mafua katika mayai ya kuku, lakini jaribio lake halikufaulu. Uthibitisho ulitoka London mwaka 1953. Peter Medawar, Rupert Billingham na Leslie Brent walidunga seli za panya wa aina nyingine katika vijusi vya panya. Panya hao walipokua walikubali mapandikizi ya ngozi kutoka kwa aina hiyo, ingawa kwa kawaida wangeyakataa. Ndiyo sababu Burnet na Medawar waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1960: mmoja alitabiri, mwingine alithibitisha.

Nadharia ya uchaguzi wa kloni

Lilibaki swali gumu zaidi: kinga hujifunzaje? Wanakemia wengi wa wakati huo waliamini kwamba kingamwili hufinyangwa juu ya kitu kigeni, kama udongo unavyochukua umbo la kalibu. Burnet hakuridhika. Maelezo hayo hayakuonyesha kwa nini mwili hukumbuka ugonjwa kwa miaka mingi baada ya kalibu kuondoka, wala kwa nini mara ya pili mwili hujibu haraka na kwa nguvu zaidi.

Mwaka 1955 Niels Jerne wa Denmark alipendekeza kwamba kingamwili za kila aina zimo tayari katika damu, na kitu kigeni huchagua tu ile inayokifaa. Mwaka 1957 Burnet alipiga hatua ya mbele: kinachochaguliwa ni seli, si kingamwili. Mwili huzalisha idadi kubwa sana ya seli nyeupe aina ya limfositi, na kila seli hubeba kipokezi cha umbo moja tu, lililopatikana kwa bahati nasibu. Kitu kigeni kinapoingia hugusana na seli chache zenye umbo linalokifaa. Seli hizo hugawanyika mara nyingi na kuzaa ukoo wa seli zinazofanana, yaani kloni. Baadhi hupambana na kufa, nyingine hubaki kama kumbukumbu. Seli ambazo vipokezi vyake hushika vitu vya mwili wenyewe huondolewa mapema, kabla hazijaleta madhara.

Tofauti ya mawazo hayo mawili inaweza kulinganishwa na fundi cherehani na duka la nguo. Nadharia ya zamani iliufanya mwili kuwa fundi anayempima kila mteja na kumshonea vazi lake. Burnet aliufanya kuwa duka lenye nguo za kila kipimo tayari, ambalo likiona nguo fulani imemfaa mteja huagiza nyingine nyingi za namna ileile.

Alichapisha wazo hilo katika makala fupi sana, na katika jarida la Australia ambalo halikusomwa na wengi nje ya nchi. Alieleza baadaye kwamba kama ni sahihi, Australia ingekuwa na sifa ya kutangulia; kama ni kosa, wachache wangeliona. Nchini Marekani David Talmage alikuwa amefikia wazo la karibu na hilo mwaka huohuo.

Mwaka 1958 Gustav Nossal, kijana aliyefanya kazi katika taasisi ya Burnet, pamoja na Joshua Lederberg aliyekuwa mgeni kutoka Marekani, walionyesha kwamba seli moja hutengeneza aina moja tu ya kingamwili. Ushahidi uliendelea kuongezeka, na leo nadharia hiyo hufundishwa kama msingi wa elimu ya kinga. Baada ya mwaka 1957 Burnet aliielekeza taasisi yake yote katika utafiti wa kinga, jambo lililowaudhi baadhi ya wanavirusi waliokuwa naye.

Seli T na virusi visivyoondoka

Burnet alipoandika nadharia yake, seli T zilikuwa bado hazijajulikana. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, aligundua kwamba tezi ya thaimasi iliyoko kifuani ina kazi ya kutengeneza limfositi za kinga. Miller alihamia taasisi ya Melbourne mwaka 1966, baada ya Burnet kustaafu, na mwaka 1968 yeye na Graham Mitchell walionyesha kwamba limfositi ni za namna mbili. Zile za uboho, ziitwazo seli B, hutengeneza kingamwili. Zile za thaimasi, ziitwazo seli T, husaidia seli nyingine au huua seli zilizoambukizwa. Uchaguzi wa kloni ulionekana kufanya kazi kwa namna zote mbili.

Panya wa Traub walirudi tena mezani, na safari hii walimsahihisha Burnet. Mwaka 1967 Michael Oldstone na Frank Dixon walionyesha kwamba panya wanaobeba LCMV tangu kuzaliwa kumbe hutengeneza kingamwili. Hazikuonekana kwa sababu zilikuwa zimeshikamana na virusi na kujikusanya katika figo, ambako ziliharibu tishu kidogokidogo. Mfano aliokuwa ameuegemea Burnet haukuwa wa ukimya kamili kama alivyodhani. Kanuni ya ustahimilivu ilibaki, kwa kuwa ilikuwa imethibitishwa kwa njia nyingine, lakini panya hao walifungua mlango wa swali jipya: kinga hufanya nini inapokutana na adui isiyeweza kumwondoa?

Miaka ya 1973 na 1974, mjini Canberra, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walitumia virusi hivyohivyo kuonyesha jinsi seli T inavyoitambua seli iliyoambukizwa: huangalia kwa pamoja kipande cha kirusi na alama ya utambulisho ya mwili wenyewe. Nao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Kwa kutumia aina za LCMV zinazodumu mwilini, watafiti wa miaka iliyofuata walieleza hatua kwa hatua yanayozipata seli T. Katika maambukizi ya muda mfupi, seli T chache zinazokitambua kirusi huzaana hadi kuwa mamilioni, huua seli zilizoambukizwa, kisha nyingi hufa. Zinazobaki huwa seli za kumbukumbu, ambazo huishi muda mrefu hata kama kirusi hakipo tena.

Katika maambukizi sugu mambo huwa tofauti. Kirusi hakiondoki, na seli T husukumwa kufanya kazi bila kupumzika. Baadhi ya koo za seli hufutika kabisa. Nyingine hubaki hai lakini hupoteza uwezo wake polepole: kwanza uwezo wa kuzaana kwa wingi, kisha ule wa kutoa kemikali za kupambana na virusi. Hali hiyo huitwa uchovu wa seli T. Seli zilizochoka hubeba juu yake protini iitwayo PD-1, inayofanya kazi kama breki. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba breki hiyo ikizuiwa katika panya wenye LCMV, sehemu ya nguvu za seli hizo hurudi. Mwaka huohuo PD-1 ilionekana pia katika seli T za watu wanaoishi na VVU.

Je, seli zilizochoka hudumuje kwa miaka bila kwisha? Jibu lilipatikana mwaka 2016, wakati makundi kadhaa ya watafiti yalipoeleza kikundi kidogo cha seli T zinazofanana na seli shina. Seli hizo hukaa hasa katika viungo vya limfu, hutumia protini iitwayo TCF1 kulinda uwezo wao wa kuzaana, na hazijichoshi kwa kupambana moja kwa moja. Zinapogawanyika, baadhi ya watoto wao hubaki kama akiba, na wengine huenda kupambana na hatimaye huchoka na kufa. Ukoo mzima hudumu kwa sababu akiba hiyo haitumiki yote kwa mara moja. Dawa zinazozuia PD-1, ambazo sasa hutumika kutibu baadhi ya saratani, hufanya kazi hasa kwa kuziamsha seli hizo za akiba.

Uchovu huo si hasara tupu. Kinga ikipambana kwa nguvu zote na kirusi kilichoenea katika ini au mapafu, inaweza kumwua mwenye mwili kabla ya kukimaliza kirusi. Kupunguza nguvu ni namna ya kuishi na adui aliyekwisha kuingia ndani.

Mambo yaliyopingwa

Si yote aliyoyafanya Burnet yanayosifiwa. Mwaka 1947 aliishauri serikali ya Australia kwa siri juu ya silaha za kibiolojia na kemikali, na alipendekeza zichunguzwe silaha ambazo zingeweza kutumika dhidi ya nchi jirani za Asia zenye watu wengi. Hati hizo zilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa miaka ya 1990, ziliwashtua wengi waliomjua kama mwanasayansi wa kuokoa maisha.

Alikosea pia katika utabiri. Alikuwa na mashaka na biolojia ya molekuli, na alidhani haitaleta manufaa makubwa kwa tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliandika kwamba magonjwa ya kuambukiza yamekaribia kuwa jambo lisilo na mapya. Miaka michache baadaye, mwaka 1981, UKIMWI ulianza kutambuliwa, ugonjwa unaosababishwa na virusi vinavyokaa ndani ya seli T zenyewe. Burnet aliishi kuyaona hayo. Katika Afrika Mashariki, ambako ugonjwa huo ulisababisha vifo vya watu wengi sana, kipimo cha idadi ya seli T aina ya CD4 kilikuja kujulikana hata kwa watu wasiowahi kusikia jina lake.

Kwa upande mwingine, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini mwake kuonya hadharani juu ya madhara ya kuvuta sigara, na alipinga majaribio ya silaha za nyuklia katika Bahari ya Pasifiki.

Uzee na kifo

Burnet alistaafu ukurugenzi mwaka 1965, akarithiwa na Gustav Nossal aliyekuwa na umri wa miaka 34. Alipewa chumba katika Chuo Kikuu cha Melbourne, ambako aliendelea kuandika vitabu kuhusu kinga, kuzeeka na saratani. Kati ya mwaka 1965 na 1969 alikuwa rais wa Chuo cha Sayansi cha Australia.

Mke wake Linda alifariki mwaka 1973 kwa saratani ya damu. Mwaka 1976 alimwoa Hazel Jenkin. Burnet alifariki kwa saratani mjini Port Fairy tarehe 31 Agosti 1985, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 86. Alizikwa kwa heshima za kiserikali katika makaburi ya Tower Hill, karibu na sehemu alizokuwa akikusanya mbawakawa alipokuwa mtoto.

Tuzo na heshima

Mwanachama wa Royal Society ya London (1942)
Cheo cha Sir (1951)
Tuzo ya Lasker (1952)
Nishani ya Heshima ya Uingereza, Order of Merit (1958)
Medali ya Copley (1959)
Tuzo ya Nobel ya Tiba, pamoja na Peter Medawar (1960)
Mwaustralia wa Mwaka, akiwa wa kwanza kupewa heshima hiyo (1960)

Taasisi ya utafiti wa afya mjini Melbourne, inayoshughulika pamoja na mengine na VVU na homa ya ini, imepewa jina lake.